Rumi, Ujerumani na Kilwa: Lugha za Watawaliwa na Ushahidi wa Maneno ya Mkopo

1.0 Utangulizi

Mtoto wa Kikole, wilayani Kilwa, anapoulizwa aendako asubuhi hujibu kwamba anakwenda shule. Neno hilo ni la kawaida mno, hata hakuna aliulizaye asili yake. Hata hivyo ni neno lililosafiri sana. Kiswahili kililipata kwa Wajerumani, ambao husema "Schule". Kijerumani cha kale kilisema "scuola", na kilikuwa kimelikopa kutoka Kilatini "schola". Kilatini nacho kililipokea kwa Wayunani. Watu wa Welisi, ambao ni wazao wa Waselti wa Britania waliotawaliwa na Rumi, hulitamka neno hilohilo "ysgol". Hivyo mtoto wa Kikole na mtoto wa Welisi, pasipo kujuana, hutumia neno moja kwa jambo moja, na wote wawili wamerithishwa neno hilo na historia ya kutawaliwa.

Makala hii inachunguza hali ya kilugha ya Waselti na Wagermani walioishi chini ya Dola ya Rumi, au kandokando yake, na kuilinganisha na hali ya pwani ya Kilwa na Lindi chini ya utawala wa Wajerumani. Lengo si kuonyesha kwamba historia hujirudia. Lengo ni kupima dai linalotolewa mara kwa mara katika isimujamii, kwamba lugha ya mwenye nguvu humeza lugha ya mnyonge. Itaonekana kwamba dai hilo ni kweli kwa Galia, ni nusu ya kweli kwa Britania, na kwa Kilwa linahitaji kurekebishwa: lugha iliyoenea chini ya Wajerumani haikuwa Kijerumani. Marekebisho hayo yanazaa swali gumu zaidi, ambalo linawahusu wanazuoni wa Kiswahili wenyewe.

2.0 Istilahi

Katika makala hii, Wagermani ni makabila ya kale yaliyoishi hasa ng'ambo ya mto Rhein, ilhali Wajerumani ni watu wa taifa la Ujerumani lililoundwa mwaka 1871. Wagalia ni Waselti wa nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, na lugha yao ni Kigalia. Wabritoni ni Waselti wa kisiwa cha Britania. Kwa upande wa Kilwa, lugha zinazozungumziwa ni Kiswahili cha pwani ya kusini, ambacho lahaja yake ya asili huitwa Kimgao, pamoja na Kimatumbi, Kingindo, Kimwera na Kimachinga. Zote ni lugha za Kibantu. Tofauti hii na ile ya Galia yafaa ikumbukwe: Kigalia na Kilatini vilikuwa na undugu wa mbali, lakini Kingindo na Kiswahili vina undugu wa karibu, kiasi kwamba mzungumzaji huweza kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuhisi kwamba amevuka mpaka.

3.0 Hali tatu chini ya Rumi

3.1 Galia

Julius Caesar aliiteka Galia kati ya mwaka 58 na 50 KK. Upinzani mkubwa uliongozwa na Vercingetorix, aliyesalimu amri huko Alesia mwaka 52 KK. Lugha ya Kigalia haikusalimu amri siku hiyo. Kabla ya ushindi huo Wagalia wa kusini walikwisha kuandika lugha yao kwa herufi za Kiyunani. Baada ya ushindi waliiandika kwa herufi za Kirumi. Katika karne ya 1 BK wafinyanzi wa La Graufesenque, kusini mwa Galia, waliandika hesabu za vyombo vilivyopangwa katika kila tanuri. Katika hesabu hizo namba za mpangilio ni za Kigalia, kama "tritos", yaani ya tatu, na "pinpetos", yaani ya tano, ilhali majina ya vyombo mara nyingi ni ya Kilatini au Kiyunani. Kalenda ya Coligny, iliyofukuliwa mwaka 1897, na bamba la risasi la Larzac, lililopatikana mwaka 1983, vinathibitisha kwamba lugha hiyo iliendelea kutumika katika mambo ya dini na uganga chini ya Rumi. Mwishoni mwa karne ya 2 Askofu Irenaeus wa Lyon aliwaomba radhi wasomaji wake kwa ufasaha uliopungua, kwa kuwa alikaa miongoni mwa Waselti na kuzoea lugha yao.

Kwa hiyo Kigalia kiliishi karne kadhaa baada ya kutekwa. Kilichokiua si upanga. Ni mfumo wa maisha ambamo kila mlango wa kupandia daraja ulifunguliwa kwa Kilatini: jeshi, mahakama, soko la mji, shule na, baadaye, Kanisa. Mwaka 48 BK Kaisari Claudius alitetea katika baraza la wazee wa Rumi haki ya wakuu wa Galia kuingia katika baraza hilo, na sehemu ya hotuba yake imehifadhiwa katika bamba la shaba huko Lyon. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia takriban watu huru wote wa dola. Mzazi wa Kigalia hakulazimishwa kuacha lugha yake. Aliona tu kwamba haimfai mwanawe.

Maneno ya Kigalia yaliyobaki katika Kifaransa hayazidi mia chache, nayo hayakutawanyika ovyo katika msamiati. Ni maneno ya shamba, ardhi na mimea: "charrue", jembe la kukokotwa, "chêne", mti wa mwaloni, "boue", tope, "alouette", ndege wa mashambani. Majina ya mahali nayo yalisalia. Paris ni mji wa Waparisii na Reims ni mji wa Waremi. Lugha inapokufa, hufia mjini kwanza na shambani mwisho.

3.2 Britania

Warumi waliingia Britania mwaka 43 BK na utawala wao ulikoma yapata mwaka 410. Mwanahistoria Tacitus, akieleza kazi ya baba mkwe wake Agricola aliyekuwa gavana wa kisiwa hicho, anasimulia kwamba wana wa wakuu walifundishwa elimu ya Kirumi, na kwamba watu waliokuwa wakiukataa usemi wa Kilatini wakaanza kuutamani ufasaha wake. Tacitus mwenyewe aliona kwamba yale waliyoyaita ustaarabu yalikuwa sehemu ya utumwa wao. Ni nadra mtu wa upande wa watawala kuandika maneno makali kiasi hicho.

Hata hivyo Kilatini hakikushika mizizi Britania kama kilivyoshika Galia. Dola ilipoondoka, lugha ya Waselti ilikuwa bado hai, na katika Welisi inasemwa hata leo. Kilichobaki cha Kilatini ni mikopo: "pont", daraja; "ffenestr", dirisha; "llyfr", kitabu; "eglwys", kanisa; na hiyo "ysgol" iliyotajwa mwanzoni. Hapa mtawala ameondoka na lugha yake, akaacha majina ya vitu alivyovileta.

3.3 Wagermani

Wagermani wengi hawakutawaliwa kamwe. Mwaka 9 BK Arminius, mtu wa kabila la Wacherusci, aliangamiza legioni tatu za Varus katika msitu wa Teutoburg. Arminius alikuwa ametumikia vikosi vya Rumi, akapewa uraia na cheo. Tacitus anasimulia kwamba mwaka 16 BK alisimama ukingoni mwa mto Weser akibishana na nduguye Flavus, aliyekuwa upande wa pili katika jeshi la Rumi, na kwamba katika maneno yake alichanganya Kilatini, maadamu alikuwa amekijifunza jeshini. Mfano huu unaonyesha kwamba kuijua lugha ya mtawala si dalili ya utii.

Wagermani wengine waliishi ndani ya dola au walipigana kwa ajili yake. Mabamba ya mbao ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1973, ni barua na hesabu za askari wa Kibatavi na Kitungri kutoka nchi za karibu na Rhein, za mwaka 90 hadi 120 BK hivi. Katika barua moja mkuu wa kikosi kidogo anayeitwa Masclus anamwandikia kamanda wake, Flavius Cerialis, akimwomba awapelekee askari wake pombe kwa kuwa imewaishia. Lugha ya barua ni Kilatini, lakini neno alilotumia kwa pombe, "cervesa", ni la Waselti. Kikosi cha Wagermani, katika nchi ya Wabritoni, kinaomba kwa Kilatini kinywaji chenye jina la Kigalia. Huo ndio uwili-lugha wa himaya katika hali yake ya kila siku.

Mikopo ya Kilatini katika lugha za Kigermani inaeleza walichokiona Wagermani mpakani: ukuta wa mawe, "Mauer" kutoka "murus", kigae, "Ziegel" kutoka "tegula", mvinyo, "Wein" kutoka "vinum", barabara iliyosakafiwa, "Straße" kutoka "strata". Jina la Caesar likawa "Kaiser", cheo cha mfalme mkuu. Kwa hiyo mtawala aliyeinyang'anya Kilwa uhuru wake mwishoni mwa karne ya 19 alijiita kwa jina la mtu aliyewateka Wagalia.

4.0 Pwani ya Kilwa chini ya Wajerumani

Pwani hii ilikwisha kuzoea wageni wenye mamlaka kabla ya Wajerumani. Kitabu cha baharini cha Kiyunani cha karne ya 1 BK, kinachojulikana kama Periplus wa Bahari ya Eritrea, kinaeleza kwamba wafanyabiashara wa Muza, kusini mwa Arabuni, walipeleka katika pwani ya Azania manahodha Waarabu walioizoea nchi, walioolea huko na kuijua lugha ya wenyeji. Hiyo ni miongoni mwa habari za kale kabisa zinazoitaja lugha ya pwani hii, na inaitaja kama lugha ambayo mgeni hujifunza. Wareno waliishambulia Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome na kuondoka mwaka 1512. Baadaye ulifuata utawala wa Waomani.

Mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake katika miji ya pwani, na pwani nzima ikachafuka. Mwezi wa Septemba watumishi wawili wa kampuni hiyo waliuawa Kilwa Kivinje. Wissmann aliutwaa mji huo mwezi wa Mei 1890 kwa jeshi la askari walioajiriwa Misri na Msumbiji. Hassan bin Omari Makunganya aliyeendelea kupinga alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Mwezi wa Julai 1905 wakulima wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huo. Vita viliendelea hadi 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala, ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Kwa upande wa lugha, utawala huu ulifanya jambo ambalo Rumi haikulifanya. Warumi walitawala magharibi kwa Kilatini. Wajerumani walitawala kwa Kiswahili. Sababu zilikuwa za kiutendaji. Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya biashara pwani na katika njia za misafara, ikiwamo ile iliyotoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa. Liwali, akida na jumbe walikuwa tayari wakikisema au wakikiandika kwa hati za Kiarabu. Aidha, wapo watawala ambao hawakupenda mtawaliwa aijue lugha yao. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887 na maofisa wakafundishwa Kiswahili. Shule ya serikali ya Tanga iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifundisha kwa Kiswahili, na wahitimu wa shule za aina hiyo walipelekwa bara kuwa makarani, walimu na maakida. Hatua kwa hatua hati za Kiarabu zikaachwa ofisini na nafasi yake ikachukuliwa na herufi za Kirumi, kama herufi za Kiyunani zilivyoachwa na Wagalia.

Waliokitumia Kiswahili hicho huko Umatumbi na Ungindo hawakuwa wahubiri wa lugha. Walikuwa maakida waliokusanya kodi na kusimamia mashamba ya pamba, pamoja na askari waliowafuata. Kwa mkulima wa vilimani, katika miaka hiyo, Kiswahili kilikuwa na sauti ya boma. Ndiyo maana si jambo dogo kwamba ujumbe wa siri uliotangulia vita, uliopita kijiji hadi kijiji pasipo akida kuutambua, umehifadhiwa katika masimulizi ya wazee kwa jina la "njwiywila", neno la lugha za eneo hilo na si la Kiswahili cha ofisini. Hata hivyo watu haohao walitumia Kiswahili walipowahitaji watu wa makabila mengine, na vita vyenyewe vimebaki katika kumbukumbu ya taifa kwa jina la Kiswahili. Kama ilivyokuwa kwa Arminius, lugha iliyobeba amri ilibeba pia upinzani.

5.0 Ushahidi wa maneno

Msamiati wa Kiswahili kinachosemwa Kikole na popote pwani una maneno yenye asili ya ulimwengu wa Rumi. Yamefika kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni ya mashariki, kupitia Kiyunani, Kiaramu na Kiarabu. "Dinari" ni "denarius" ya Warumi. "Kasri" hurudishwa kwenye "castrum", yaani kambi au ngome. "Sirati", neno alijualo kila Mwislamu wa pwani kwa maana ya njia, linatokana na "strata", barabara iliyosakafiwa, na hivyo ni ndugu wa "Straße" ya Kijerumani. Barabara moja ya Kirumi imeingia katika lugha ya Wagermani kama njia ya miguu na katika lugha ya Waislamu kama njia ya wokovu.

Njia ya pili ni ya Wareno. "Meza" ni "mensa" na "mvinyo" ni "vinum". "Gereza" limetokana na "igreja", yaani kanisa, ambalo asili yake ni "ecclesia", neno la Kiyunani lililopokewa na Kilatini. Hivyo ngome ya Kilwa Kisiwani iitwayo Gereza ina jina lenye asili moja na "eglwys" ya Kiwelisi. Huko Welisi neno hilo limebaki kanisa, na huku pwani limekuwa mahali pa kufungia watu. Badiliko hilo la maana ni ushahidi wa jinsi watu wa pwani walivyoyaona majengo ya Wareno. "Bendera" nalo ni "bandeira", ambalo wanaisimu hulirudisha kwenye mzizi wa Kigermani, katika Kigothi "bandwa", yaani ishara. Kitambaa kilichozua vita vya 1888 kiliitwa na wenyeji kwa neno la Kigermani, karne nyingi kabla ya Wajerumani kukileta.

Njia ya tatu ni ya Wajerumani. Mavuno yake ni haba ajabu. Kwa miaka takriban 30 ya utawala, mikopo iliyoenea na ambayo asili yake haina shaka ni "shule" na "hela", sarafu ya "Heller" iliyoanzishwa kwa mageuzi ya fedha ya mwaka 1904. Umbo la maneno haya linaonyesha kwamba yalikopwa kwa sikio na si kwa maandishi. Silabi ya mwisho ya "Heller" haitamkwi kama ilivyoandikwa bali husikika karibu na irabu a. Mswahili aliandika alichokisikia. Kadhalika ni muhimu kwamba pwani ilikuwa na neno "chuo" kwa mahali pa kusomea Kurani. "Shule" halikukopwa kwa kukosa neno la elimu. Lilikopwa kwa kuwa elimu ya serikali ilionekana kuwa kitu kingine. Zanzibar, ambako Wajerumani hawakutawala, husema "skuli", kutoka Kiingereza. Mpaka wa maneno haya mawili unafuata kwa karibu mpaka wa himaya mbili uliowekwa mwaka 1890, ingawa yote mawili ni "schola".

Njia ya nne ni ya Waingereza. Hapa yafaa tahadhari. "Gari" linafanana na neno la Kiingereza la chombo hicho, lakini asili yake ni Kihindi. Mfanano si ushahidi mpaka njia ya ukopaji ionyeshwe. "Motokaa", kwa upande mwingine, lina nusu ya pili iliyotoka Kiingereza, nayo ilitoka Kifaransa cha Wanormani, nacho kiliipata kwa Kilatini "carrus", na Warumi walilikopa neno hilo kwa Wagalia, mafundi mashuhuri wa magari ya kukokotwa. Lugha ya Kigalia imekufa, lakini neno lake limefika Kilwa.

Mikopo haiendi upande mmoja. Kijerumani cha makoloni kilikopa "Askari", "Boma", "Schamba" na "Safari", kama Warumi walivyokopa "carrus" na "cervesa". Ofisi iliyotawala wilaya ya Kilwa iliitwa "Bezirksamt". Kipande cha mwisho cha jina hilo, "Amt", kilikopwa na Wagermani wa kale kutoka neno la Waselti "ambactos", ambalo Caesar analitaja kwa maana ya mfuasi au mtumishi wa mkuu. Na dola yenyewe iliyoitwa "Reich" ina jina ambalo Wagermani walilipata kwa Waselti, kutoka neno lao la mfalme. Maneno ya watu waliotekwa na kusahauliwa yalikuwa yameandikwa juu ya mlango wa mtekaji.

6.0 Kiswahili: Kigalia au Kilatini?

Kutokana na hayo yawezekana kuuliza: katika ulinganisho huu, Kiswahili kina nafasi ya nani? Jibu la haraka ni kwamba Kiswahili ni kama lugha ya Wabritoni: kilitawaliwa, kikakopa, kikasalia. Kwa uhusiano wake na Kijerumani, na baadaye na Kiingereza, jibu hilo ni sahihi.

Lakini kwa Kingindo, Kimatumbi, Kimwera na Kimachinga, Kiswahili hakina nafasi hiyo. Kina nafasi ya Kilatini. Masharti yaliyomaliza Kigalia yote yapo: lugha moja ndiyo ya shule ya msingi, mahakama ya mwanzo, zahanati, soko na redio. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini kote mwishoni mwa miaka ya 1960, haki kubwa ilitendeka, kwani mtoto wa mkulima alipata elimu kwa lugha ya Kiafrika. Haki hiyo haiondoi ukweli kwamba lugha ya nyumbani ya mtoto huyo haikupewa mlango wowote. Historia ya makazi nayo ilichangia. Katika miaka ya 1940 Wangindo wengi wa Liwale walihamishwa, na nchi yao ikawa sehemu ya pori la akiba la Selous. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya pamoja watu wa lugha mbalimbali, ambao lugha yao ya kuelewana ilikuwa Kiswahili.

Ipo tofauti inayopaswa kuzingatiwa. Kilatini kililetwa Galia na jeshi kutoka nje. Kiswahili ni lugha ya pwani hiyohiyo, na wasemaji wa lugha za bara walikipokea pia kama chombo chao cha umoja na cha kudai uhuru. Kwa sababu hiyo wengi hawahisi kwamba wanapoteza kitu. Undugu wa lugha hizi huficha mhamo wenyewe: mzungumzaji huanza kwa kubadilisha msamiati, kisha viambishi, na mwishowe hubaki na lafudhi tu. Mgalia alijua siku aliyoacha Kigalia. Mngindo huenda asijue.

Mfano wa Galia unatoa pia utabiri unaoweza kupimwa. Iwapo lugha za bara la Kilwa zitafifia, mabaki yake katika Kiswahili cha eneo hilo yatatarajiwa katika nyanja za udongo, miti, mizizi, mitego na vyakula vya porini, na katika majina ya mahali. Dalili zipo. Mtu wa Lindi husema "ming'oko" kwa mizizi ya porini inayochimbwa na kuliwa, neno ambalo Mswahili wa kaskazini aghalabu halijui. Nandete, Nanjirinji na Nangurukuru huanza na Na-, umbo ambalo mofolojia ya Kiswahili peke yake hailielezi. Jina Kikole, kwa upande wake, lina kiambishi ki- kilicho katika Kiswahili na katika lugha jirani vilevile, kwa hiyo umbo lake pekee haliwezi kutoa ushahidi. Itabidi waulizwe wazee.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha mambo matatu. Kwanza, ushindi wa vita hauamui peke yake hatima ya lugha. Kinachoamua ni milango ya maisha na lugha inayoifungua. Pili, maneno ya mkopo ni kumbukumbu ya aina ya mkutano baina ya watu: Warumi waliacha kuta na barabara, Wareno waliacha gereza, Wajerumani waliacha shule na hela. Tatu, lugha iliyowahi kutawaliwa yaweza ikawa mtawala wa nyingine bila kukusudia na bila wasemaji wake kutambua.

Kimatumbi kimebahatika kupata uchambuzi wa kina wa fonolojia na mofolojia uliofanywa na David Odden na kuchapishwa mwaka 1996. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake mwaka 2009. Kazi za namna hiyo zinapaswa kuendelezwa kwa Kingindo na Kimachinga, hasa katika ukusanyaji wa msamiati wa shamba na pori, ambao vijana hawaurithi tena kwa ukamilifu. Kuanzia uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2021, tarehe 7 Julai ya kila mwaka ni Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha iliyofikia daraja hilo haitapungukiwa na kitu ikiwasaidia jirani zake kuandikwa.

Wagalia hawakuacha kamusi. Wanaisimu leo huokota lugha yao katika hesabu za wafinyanzi, katika mabamba ya waganga na katika majina ya ndege wa mashambani. Wazee wa Kikole bado wapo, na wanaweza kuulizwa.